Zumari Isiyotaka Mate

Nilipofika jikoni, Mjomba alikuwa ameshaung'oa ule ulimi wa tete, kautia kinywani, anaulowesha taratibu. Binti yangu alisimama mlangoni, mikono kichwani.

Mjomba ni mtu wa Lamu, na zumari amezipuliza tangu ujana wake. Zumari ya pwani hailii bila mate: unalowesha ulimi wake, unajaza mashavu, unapuliza hadi mishipa ya shingo inasimama. Alikuja kututembelea Dublin mwezi wa Januari, akamkuta mjukuu wake anahangaika na zumari ya mfuko ya Kiairishi iliyokuwa ikikoroma tu. Akaona amsaidie. Nani angemlaumu?

Lakini zumari hii haipulizwi kwa mdomo. Ile ya Uskoti, ambayo wengi wetu tumeiona kwenye gwaride, ndiyo hupulizwa. Hii hupigwa mtu ameketi. Mvukuto mdogo hufungwa kiunoni na kwenye mkono wa kulia. Kiwiko kikibonyeza, hewa huingia katika mfuko uliobanwa chini ya kwapa la kushoto, na kiwiko cha kushoto huisukuma kwenye ulimi. Hata jina lake, uilleann, linatokana na neno la Kiairishi lenye maana ya kiwiko. Hewa ya mvukuto ni kavu, kwa hiyo ulimi nao huchongwa kwa hewa kavu: vipande viwili vya tete, vyembamba kama ganda la kitunguu, vimefungwa kwa uzi kwenye kijibomba na kubanwa kwa ukanda wa shaba. Vikilowa huvimba na kuachama.

Binti akaurudisha ulimi, akabana mfuko. Ukatoka mlio mmoja mkali, kisha hewa tupu. “Babu, umeiua!” Akaangua kilio. Mjomba hakusema neno. Chakula cha usiku hakukigusa, na alfajiri nilimkuta ameketi peke yake mbele ya kisanduku cha ile zumari, hajakifungua.

Ala yenyewe si yetu, ni ya kuazima: mfuko, mvukuto na filimbi ya vidole basi. Wanaoanza hupewa hivyo. Zile filimbi tatu za kuvumia, na zile za funguo zinazobonyezwa kwa kifundo cha mkono, huja baadaye. Huko nyuma wapigaji walikuwa wamebaki wachache kabisa, ndipo mwaka 1968 kikaundwa chama cha Na Píobairí Uilleann. Mwaka 2017 UNESCO ikaitambua sanaa hii kuwa urithi wa binadamu. Mambo hayo niliyajua, na ndiyo yaliyonitia hofu nilipompigia simu mwalimu wa binti.

Mwalimu alisema tusiukaushe ulimi kwenye hita, utapasuka. Uachwe tu. Siku ya tatu akaja, akaubana ule ukanda wa shaba kidogo sana, akausikiliza, akaubana tena. Ukalia. Ndipo akamgeukia Mjomba, akamweleza wanavyosema wapigaji wa kwao: miaka saba ya kujifunza, saba ya mazoezi, saba ya kupiga. Mjomba akatikisa kichwa kwa heshima, akamwomba mtoto abane mfuko, naye akauwekea kiganja.

“Unausukuma kama mlango,” akamwambia. “Tazama mashavu yangu.” Akayajaza, akaendelea kutoa hewa mdomoni huku akivuta pumzi kwa pua, na mashavu hayakunywea. “Mfuko wako ni haya mashavu.”

Mimi nilikuwa nimehangaika na vidole vya binti miezi mitatu. Kumbe shida ilikuwa upepo: ukizidi, sauti inaruka juu, ukipungua, inazama. Anayeanza na apewe upepo kwanza, nyimbo zitamfuata.

Kuanzia jioni hiyo Mjomba aliketi kushoto kwake, kiganja juu ya mfuko, hana haraka. Usiku wa kuamkia safari yake, binti alishika sauti moja tu, ya chini kabisa, filimbi imeinuliwa kidogo kutoka pajani. Ikanyooka. Mjomba akaondoa kiganja polepole, na sauti haikuyumba.