Thuwaiba, Suwaiba au Tuwaiba? Majibu kwa wasomaji wa Kiranjeranje

Thuwaiba ni jina la kike la Kiarabu. Anayejulikana zaidi kwa jina hilo ni mjakazi wa Abu Lahab huko Makka, aliyemnyonyesha Mtume Muhammad siku za mwanzo kabla Halima Saadia hajamchukua. Safari hii safu imepokea barua tatu kuhusu jina hilo, zote kutoka Kiranjeranje wilayani Kilwa na, kwa dalili zote, kutoka nyumba moja.

Barua ya kwanza imetiwa saini ya "Mkwe Asiyelala". Mume alimchagulia mtoto jina la Thuwaiba, lakini mama mkwe anashikilia kuwa jina hilo halijapata kusikika kati ya Hoteli Tatu na Mbwemkuru.

Limesikika, tena kila mwaka. Maulidi ya Barzanji ikifika kwenye habari za kunyonyeshwa Mtume, Thuwaiba hutajwa kwa jina, na hutajwa pia kwamba Abu Lahab alimwacha huru alipopelekewa naye bishara ya kuzaliwa Mtume. Shida ni kwamba kisomo ni cha Kiarabu, na saa hiyo masikio mengi yako upande wa sufuria la pilau. Halima ndiye aliyevuma, kwa sababu alikaa na mtoto miaka, visa vyake ni vingi, na wanafunzi wa madrasa huvisikia wakiwa wadogo. Ndiyo maana kina Halima wamejaa pwani nzima na kina Thuwaiba ni wa kutafuta. Uchache huo si mkosi. Tena jina kuwa geni au la kawaida hutegemea mahali: Somoe ni jina lililozoeleka Kilwa na Lindi, lakini likitajwa Dar es Salaam watu hukisia mara moja kuwa mwenyewe katoka kusini. Mama mkwe aelezwe haya akishakula, si kabla.

"Bibi Mzaa Baba" anataka kujua matamshi sahihi, maana yeye humwita mjukuu Suwaiba na kila mara hurekebishwa na ustadhi.

Sauti ya th hutoka ncha ya ulimi ikiwa katikati ya meno na pumzi ikipita bila mngurumo wa koo, kama katika thelathini. Iliingia Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu. Kimwera na Kimatumbi hazina sauti hiyo, kwa hiyo wengi huigeuza s, wakasema selasini. Wengine huishia kwenye t, ndipo anapozaliwa Tuwaiba. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwa maneno mengi ya Kiswahili: Thu-wa-I-ba. Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria huandika kabisa Suwaiba, na kwao hilo ndilo jina lenyewe. Bibi basi hajamharibia mtu jina. Mtoto akiitwa anaitika. Ustadhi naye ana haki ya kudai th wakati wa kisomo, ila bibi aliyeng'oka meno ya mbele asilazimishwe kuweka ulimi mahali pasipo na meno.

Barua ya tatu, ya "Baba wa Makaratasi", ndiyo nzito. Kadi ya kliniki inasema Suaiba, cheti cha kuzaliwa Thuwaiba, daftari la shule Tuaiba.

Karani huandika anachosikia, kwa hiyo jina kama hili halifai kutajwa dirishani kwa mdomo tu. Liandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akabidhiwe, kisha maandishi yake yasomwe herufi kwa herufi kabla ya kuondoka. Vyeti vya watoto wa chini ya miaka 5 hutolewa kwa utaratibu wa RITA, wakala wa usajili, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na kosa likionekana pale pale huwa jepesi kurekebisha. Likiachwa hadi mtihani wa darasa la saba, litahamia kwenye vyeti vya baraza la mitihani, NECTA, likutane na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na familia itajikuta kwa wakili ikilipia kiapo cha kuthibitisha kwamba Suaiba, Tuaiba na Thuwaiba ni mtu mmoja. Kwa kuwa cheti cha kuzaliwa tayari kiko sawa, baba apeleke nakala yake kwa mwalimu mkuu wiki hii, na siku ya kliniki amwombe muuguzi asahihishe kadi kwa kufuata cheti hicho hicho.