Ombi la Kuchongewa Sanamu

Ila jenabi Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, pamoja na Kamati yako tukufu ya Usawa wa Rangi na Sherehe za Tamaduni, Mola awape afya na umri.

Baada ya salamu, na zaidi ya salamu, nawaarifu kuwa mwaliko wenu umenifika salama, nami nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa kuhesabu, nikaona kuwa huu ni wa tisa, na kwamba haukupungukiwa na neno lolote lililokuwamo katika ule wa kwanza isipokuwa tarehe. Mnanitaka, kama ilivyo ada kila Oktoba, mwezi ambao Uingereza huadhimisha historia ya watu weusi tangu mwaka 1987, nihudhurie ukumbini kwa “vazi la asili”, nije na chakula “cha kwetu” cha kutosha watu 100, niwasimulie wageni hadithi moja fupi isiyo na huzuni, kisha nisimame karibu na dirisha, mahali penye mwanga, nipigwe picha nikicheka.

Ningalijibu siku ile ile, lakini jioni yake nilikwenda maktaba kurudisha kitabu. Mlinzi alinizuia mlangoni akaniuliza kama aweza kunisaidia, swali ambalo katika nchi hii halina nasaba yoyote na msaada. Nikatoa kitambulisho, akakitazama, akanitazama, akakitazama tena. Nyuma ya kichwa chake palitundikwa bango lenye kimo cha mlango, na ndani ya bango hilo nilikuwamo mimi, kwa kanzu na kofia ya viua, nikicheka karibu na dirisha, na chini ya miguu yangu pameandikwa kwa herufi za dhahabu kuwa hapa kila mtu yu nyumbani kwake. Mlinzi simlaumu, maana ni mtu wa zamu na ujira wake ni mdogo. Nalaumu tu kwamba wenzangu watatu walionitangulia kupita, ambao sura zao hazimo katika bango lolote, hakuwaona. Nilirudi nyumbani na fikra moja, nayo ndiyo asili ya waraka huu: kwamba chuoni hapa tumo wawili, mimi na wajihi wangu, na kwamba wajihi wangu ndiye aliyeajiriwa kwa masharti bora.

Kwa hiyo, kwa taadhima na unyenyekevu wote, naomba chuo kinichongee sanamu.

Siombi sanamu ya shaba wala ya jiwe, kwani ile ya Cecil Rhodes katika Chuo cha Oriel, Oxford, imetufunza sote kuwa sanamu za namna hiyo ni rahisi kupanda na ghali kushuka: mwaka 2021 wakuu wa chuo hicho, ijapokuwa wengi katika tume waliyoiunda wao wenyewe waliunga mkono iondolewe, waliamua kutoianza kazi hiyo kwa sababu ya gharama na taratibu za sheria. Yangu iwe ya mbao nyepesi ya msonobari, kimo futi tano na inchi nane, juu ya magurudumu manne yaliyovishwa mpira ili yasilie mtakaposimama kimya kuwakumbuka waliodhulumiwa. Rangi yake ichaguliwe kwa uangalifu mkubwa, isizidi weusi hata ikawatia wageni hofu, wala isipungue weusi hata mfadhili akauliza huyu amewekwa hapa kwa sababu gani. Mkono wa kushoto ushikilie sinia ya sambusa, ugandishwe kwa gundi; mkono wa kulia uwe na kiungo na springi, ili uweze kuupa mkono wako, Mheshimiwa, kwa muda wote autakao mpiga picha, bila ya kuchoka, bila ya kutoka jasho, na bila ya kuukumbuka waraka wa kupandishwa cheo ulioko mezani kwako tangu mwaka juzi. Kinywa kiwe wazi kwa kicheko, meno yapanguswe kwa kitambaa kibichi mara moja kwa mwaka.

Tumboni mwa sanamu kiwekwe kisanduku cha sauti chenye kitufe, na mgeni akikibonyeza asikie hadithi ya Sungura na Fisi kwa dakika mbili, kisha “karibuni sana”, kisha “hakuna matata”, neno ambalo mimi, mzaliwa wa Tanga, sijapata kulisikia kwa mtu ambaye hakuwa anauza kitu. Nguo zake ziwe za kuvuliwa na kuvalishwa, maana mwenzangu wa Jamaika akiugua siku ya sherehe, yatosha kuibadilisha kanzu kwa shati la maua na sanamu ikasimama kwa niaba ya Karibiani, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyesikiliza hotuba zako, ambamo Afrika na Karibiani ni mtaa mmoja, na wakazi wake wote wapiga ngoma. Oktoba ikiisha, sanamu ihifadhiwe pamoja na bendera na vikapu katika chumba cha chini ya ardhi. Ila nawatahadharisha kuwa chumba hicho huingia maji kila Novemba. Mimi nafundisha uhandisi wa maji katika chumba kilicho juu yake, huu mwaka wa tisa, na katika miaka hiyo chuo kimeniuliza habari za ngoma, habari za simba, na habari za Ramadhani. Habari ya mfereji sijaulizwa abadani.

Wala isidhaniwe kuwa ombi hili ni bidaa. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, Marekani, kilitaka jalada la kitabu chake cha kuwavutia waombaji lipambwe kwa picha ya mashabiki wa mpira wenye furaha na wa rangi mbalimbali, na kwa kuwa mashabiki wa picha iliyopatikana walikuwa weupe, uso wa mwanafunzi mmoja mweusi ulikatwa kutoka picha nyingine ukapachikwa miongoni mwao kwa kompyuta, ilhali mwenyewe hakuwa amepata kuhudhuria mchezo hata mmoja. Aibu ile ingeliepukika. Lau wangekuwa na sanamu yenye magurudumu, wangeisukuma hadi uwanjani, na picha ingekuwa ya kweli.

Tena fikirini faida zake. Sanamu haifanyi mitihani, hivyo haitawasumbua kwa hesabu kama zile zilizotangazwa mwaka 2019 na umoja wa vyuo vikuu vya Uingereza pamoja na umoja wa wanafunzi, kwamba miongoni mwa waliohitimu mwaka 2017/18 palikuwa na pengo la pointi 13 za asilimia baina ya wanafunzi weupe na wasio weupe katika kupata shahada za madaraja mawili ya juu. Sanamu haiombi uprofesa, hivyo haitawafikisha pale alipotufikisha mtafiti Nicola Rollock mwaka huo huo, alipowatafuta maprofesa wanawake weusi katika Uingereza nzima, yenye maprofesa 20,000 na ushei, akawapata 25, idadi ambayo ingeenea ndani ya daladala moja na utingo angali akiita abiria. Na faida iliyo kubwa kuliko zote ni hii, kwamba sanamu itabandikwa mgongoni namba ya mali ya chuo, na mali ya chuo haiulizwi kitambulisho mlangoni, kwani mlinzi yupo pale kwa ajili ya kuilinda. Itaingia maktaba saa yoyote ipendayo.

Hapa, Mheshimiwa, kalamu ilinisimama. Nilikuwa nimeandika kwa mzaha, nikaisoma sentensi ile tena, nikaona kuwa haina mzaha. Wako watu wenye sura kama yangu waliokwisha kuwa mali, wameandikwa katika madaftari pamoja na ng'ombe na mapipa ya sukari, na faida yao ikageuka kuwa vyuo. Chuo Kikuu cha Glasgow kilifungua madaftari yake, na mwaka 2018 kikakiri mbele ya watu kuwa kilinufaika kwa zawadi na wasia za mali ya utumwa zenye thamani, kwa hesabu ya leo, baina ya pauni milioni 16.7 na milioni 198. Mwaka uliofuata kikatia saini mapatano na Chuo Kikuu cha West Indies ya kutumia pauni milioni 20. Inatosha, haitoshi, hilo wataamua wenyewe, walau walifungua. Nyinyi mnatundika ukumbini picha za wafadhili kumi na mmoja, na nilipouliza mwaka jana fedha zao zilitoka wapi, niliambiwa kuwa hilo ni swali zuri sana, na je, nitaweza kuleta ngoma? Siwezi kuleta ngoma. Sina ngoma. Nina shahada tatu na mgonjwa nyumbani, na nimechoka kufundishwa kucheka na watu ambao mwaka wa tisa huu hawajalijua jina langu.

Samahani, Mheshimiwa. Nimeghafilika, nami narejea katika adabu.

Maombi yaliyosalia ni mepesi. Naomba fedha za nyama ya sambusa za mwaka 2021 zilipwe, maana risiti imefifia na mwenye bucha hajafifia. Naomba wajumbe wa Kamati wasiniulize tena natoka wapi hasa. Natoka katika nyumba yenye mlango wa kijani nyuma ya stesheni, na basi ni namba 9. Naomba mlinzi akiniuliza tena kama aweza kunisaidia, aruhusiwe kuandika majibu, nami nitamjibu kwa urefu.

Mwisho, naomba malalamiko ya ubaguzi yatafutiwe mpokeaji mwingine. Mwaka 2019 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya nchi hii ilieleza kuwa karibu mwanafunzi mmoja katika kila wanne wasio weupe amepata kubughudhiwa kwa ajili ya rangi tangu alipoanza masomo, na kwa kuitikia taarifa hiyo mliweka fomu nzuri yenye picha yangu juu yake, mkaagiza kila fomu ipelekwe kwa mjumbe mwenye “uzoefu wa jambo lenyewe”. Mjumbe huyo ni mimi. Nimekwisha kulalamika mara mbili juu ya mlango wa maktaba, na mara zote mbili nimeyapokea malalamiko yangu mwenyewe, nikajishukuru kwa ujasiri, na nikajijulisha kuwa jambo langu linashughulikiwa. Ya wanafunzi nayapokea pia. Hayo siyafanyii mzaha, kwa sababu mwanafunzi mmoja aliyeniletea la kwake Februari hakurudi baada ya Pasaka, na mimi sikuwa na mamlaka ya kumpa chochote ila kiti na chai.

Ama kuhusu mwaliko wa mwaka huu, nasikitika kuwa sitahudhuria. Sanamu isipokuwa tayari kwa wakati, bango la maktaba laweza kubanduliwa na kuletwa ukumbini, kwani halina uzito. Mimi nitakuwapo chumbani kwangu nikisahihisha, na mtu mwenye swali la mfereji abishe hodi. Kanzu nimekwisha kuipeleka Tanga kwa posta, kwa mdogo wangu, anayeoa Oktoba hiyo hiyo; huko ataivaa siku nzima, na hakuna atakayemwomba asogee dirishani.

Wasalaam.

Ni mimi mtumishi wako,
Mhadhiri wa Uhandisi wa Maji
(yule wa kwenye bango)