Pongezi kwa Simba Asiyechelewa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Uchukuzi ya Eneo la Jiji la Nairobi (NAMATA),
Nairobi.

KUH: PONGEZI KWA MABASI YASIYOCHELEWA

Mheshimiwa,

Abiria wa Thika na Ruiru wanakuletea pongezi ambazo zingefika mapema kama hazingepanda matatu. Laini ya Simba, ile ya mabasi yaendayo kasi (BRT) iliyopangwa kutoka Rongai, kupitia katikati ya jiji, Ruiru na Thika, hadi Kenol, ina rekodi isiyo na doa. Tangu mamlaka yako iundwe mwaka 2017, hakuna basi la Simba lililochelewa kufika Ruiru hata kwa dakika moja.

Litachelewaje, na halijaanza safari?

Mwanzoni mwa 2019 Thika Road ilipakwa mistari myekundu, na njia ya ndani ikaandikwa BRT kwa herufi kubwa. Madereva wa matatu waliisoma, wakaikanyaga, wakaendelea na shughuli zao. Rangi ikafifia, mabasi hayakuja.

Basi abiria wamebaki na ratiba ya kale: gari hutoka likijaa. Ukitaka kuiona ikifanya kazi, fika steji asubuhi. Makanga anapiga bodi ya gari akiita, “Bado mmoja!” Abiria anaingia, anakuta wa mwisho aliyetangazwa alikuwa mtangulizi wake, na atakayefuata naye ataitwa wa mwisho. Dereva anaungurumisha injini, anasogea hatua mbili kana kwamba anaondoka, kisha anarudi nyuma palepale. Viti vya mbele vimekaliwa na vijana wasio na haraka, waliolipwa ili gari lionekane limejaa; abiria wa kweli wakiingia, wao hushuka wakahamia gari la pili.

Usiwalaumu upesi. Mwenye gari anadai hesabu yake jioni, na hesabu haiulizi gari lilitoka saa ngapi. Kutoka na viti vitupu ni kulipia mafuta ya hewa. Mfumo mzima hupima viti. Dakika za abiria hazimo katika daftari la mtu yeyote.

Huko London wamejitungia usumbufu wa kuzihesabu. Kwa mabasi yanayopita mara kwa mara, hawaangalii sana kama basi la saa mbili na dakika saba limefika kwa dakika hiyo. Wanapima muda ambao abiria amengoja kupita ule ambao angengoja kama mabasi yangefuatana kwa nafasi sawa, na tangu 2001 mikataba ya kampuni za mabasi imefungamanishwa na kipimo hicho: ukiwangojesha watu, malipo yanapungua.

Hesabu yake si ngumu. Magari sita kwa saa, yakiachana kwa dakika kumi, humngojesha mtu dakika tano kwa wastani. Magari hayohayo sita yakija mawili mawili, kila jozi baada ya dakika ishirini, wastani unakuwa dakika kumi. Idadi ya magari ni ileile, lakini kungoja kumeongezeka maradufu. Kwa hiyo ripoti itakayojisifu kwa wingi wa mabasi, bila kusema yaliachana vipi, haitawasaidia watu wa Ruiru.

Wala kununua magari si mwisho wa kazi. Addis Ababa ilizindua treni zake za mjini mwaka 2015, kisha nyingi zikalala karakana kwa kukosa vipuri. Zilizobaki zikajaa na foleni zikarefuka.

Abiria hawa hawaombi makubwa, Mheshimiwa. Wanaomba karani mmoja, daftari na saa ya mkononi. Asimame steji ya Ruiru kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, aandike kila gari liliingia saa ngapi, likatoka saa ngapi na watu wangapi, kisha matokeo yabandikwe hapohapo steji kila mwezi. Simba atakapowasili, kutakuwa na cha kumlinganisha nacho.

Kama karani huyo anaishi Nairobi na atakuja kwa matatu, tafadhali mruhusu aanze safari jioni ya siku iliyotangulia.

Wako watiifu,
Abiria wa Thika na Ruiru