Mhadhara wa Kamasi Uliotolewa Mahurunga

Jina la mtoa mada tunalihifadhi, ingawa mwenyewe hakulihifadhi: alilitaja mara tisa kabla hajamaliza salamu, na kila mara lilikuwa limeota cheo kipya. Alijitambulisha kuwa bingwa wa mafua ya darasa la yoga, fani ambayo kwa maelezo yake ina mtaalamu mmoja tu kusini ya Rufiji. Mtaalamu huyo alikuwa amesimama chini ya mkorosho na kurasa arobaini na moja mkononi, na tone puani.

Lilikuwa tone dogo, angavu kama maji ya dafu, limening'inia kwenye ncha ya pua pasipo haraka. Watoto waliokaa mbele hawakusikia hata neno moja la utangulizi. Walikuwa wakilitazama tone.

Mahurunga ni kata ya Mtwara Vijijini, jirani na Mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji. Bondeni watu hulima mpunga, juu kwenye mchanga wana mikorosho yao. Si mahali ambapo msafiri huja na mkeka wa mpira begani akitafuta wanafunzi wa yoga. Mtaalamu aliliona hilo mapema na kulijibu mapema: popote palipo na pua, alisema, kazi yake ipo.

Alianza na kalenda. Mnamo Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India lililoungwa mkono na nchi 177, liliitenga tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2015 ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza. "Kwa wenzetu wa kaskazini," alisema Mtaalamu, akinyanyua kidole, "hiyo ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote, joto limejaa, pua zimekauka. Lakini ninyi mko kusini ya ikweta! Kwenu ni mchana mfupi kuliko zote, kipupwe kimeingia, kusi linavuma. Dunia nzima imewapangia yoga katikati ya msimu wa mafua, na hakuna aliyeandamana."

Kejeli kando, hapo alikuwa na hoja. Na hakujua kwamba wasikilizaji wake walikuwa na hoja kubwa zaidi, nayo ilikuwa bado inanuka hewani: salfa. Kuanzia Juni mikorosho inapochipua na kutoa maua, wakulima wa Mtwara hutoka alfajiri na mashine za kupulizia mgongoni, upepo ukiwa bado umetulia na majani yana umande wa kuushika unga wa salfa. Adui wao ni ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga wa muhogo unaofunika machipukizi na maua na kuyaua kabla hayajafunga. Ulionekana nchini mwaka 1979. Korosho ya Tanzania, iliyofikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, ilishuka hadi kama tani 16,500 msimu wa 1986/87. Ubwiriunga haukubeba lawama yote peke yake, maana bei duni na watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao navyo vilichangia. Lakini ndio uliowafundisha watu wa hapa kuishi na vumbi la njano linalowasha macho na kufungulia pua kama bomba lililokatika. Mtu aliyepuliza ekari tatu kabla ya chai haambiwi kamasi ni nini.

Aliambiwa hivyo hivyo.

"Kamasi," alisema Mtaalamu, na akanyamaza ili neno lizame, "si uchafu. Ni mali!" Pua na mapango yake hutengeneza karibu lita moja kwa siku, na sehemu kubwa mtu huimeza bila kujua. Ndani kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kasia zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vikisukuma kamasi na vumbi lake kuelekea kooni. Halafu kuna lile pango la shavu, ambalo lango lake, kwa maajabu ya uumbaji, limewekwa juu badala ya chini. Mtu akiwa wima kamasi hukwea kwa nguvu ya vinyweleo. Akiinama, pango humwaga kama mtungi uliopinduliwa, na damu nayo hujaa usoni na kuvimbisha njia. Ndiyo maana kwenye yoga, kichwa kinapokuwa chini na makalio juu, mkao ambao Wahindi huuita adho mukha svanasana, yaani mbwa aliyeelekeza uso chini, mwanafunzi aliyeingia na pua kavu hujikuta anaogelea.

"Hili," alihitimisha, "nimeligundua mimi."

Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alinyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo si ndiyo sujudu?"

Mtaalamu alitabasamu kwa huruma. Alieleza kwamba magoti, viganja na nyuzi za kiuno ni tofauti. Mzee alikubali kwamba kiuno ni tofauti. "Ila pua ni ileile. Kipupwe kikiingia hutukuta rakaa ya tatu. Huwezi kupenga, huwezi kuvuta kwa sauti, na mkeka ni wa msikiti." Alieleza, bila kupandisha sauti, kuwa dawa yake ni kuinama nyumbani kwanza, nyuma ya nyumba, pango likajimwaga, ndipo uende.

Dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ukurasa wa ishirini na sita wa mhadhara. Mtaalamu aliuruka.

Akaingia kwenye tiba. Mabingwa wa India wa zamani walisafisha pua kwa njia iitwayo neti. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, inaieleza kwa uzi unaopitishwa puani na kutokea mdomoni. Maelezo hayo yalimwondoa mama mmoja barazani. Siku hizi hutumika birika dogo na maji ya chumvi yenye uvuguvugu: yanaingia tundu hili, yanatoka lile. Hapo Mtaalamu, kwa dakika mbili nzima, alisema jambo la maana bila kujisifu. Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Amiba huyo ukimmeza hakudhuru, lakini akipandishwa juu kabisa puani hufuata mishipa ya fahamu ya harufu hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo maji ya neti sharti yachemshwe, yapoe, ndipo yatumike. Ya mto, alisema akielekeza mkono upande wa Ruvuma, hapana kabisa. Kiboko wa humo mwenyewe akizama hufunga pua.

Alieleza pia kupenga. Tundu moja moja, taratibu. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2000 walionyesha kwamba kupenga kwa nguvu hurudisha kamasi ndani ya mapango, jambo ambalo chafya na kikohozi havikulifanya. Na kwa kuwa matundu ya pua hupokezana zamu kila baada ya saa chache, kama alivyoeleza daktari Mjerumani Richard Kayser mwaka 1895, bendera ya nchi yake ikiwa bado inapepea pwani hii, basi aliyeziba upande wa kulia alalie ubavu wa kushoto, na upande wa kulia utafunguka.

"Sasa, leso!"

Hapa ndipo utaalamu wake ulipopanda mlima. Suruali za yoga hazina mfuko, alilalamika. Zinabana hadi hazina pa kuficha hata dhambi. Leso iwekwe wapi? Chini ya mkeka hulowa. Kwenye mkono wa fulana huanguka mtu akiinama. Neno lenyewe, aliongeza, limetoka kwa Wareno, lenço, na wajomba zenu ng'ambo ya mto bado wanalitamka hivyo. Alikuwa anainamia karatasi yake ili asome tahajia vizuri, ndipo tone lilipoanguka. Lilitua juu ya herufi ya ç, likautanua wino wake, na nyuma yake lingine likaanza kujikusanya polepole kwenye ncha ileile. Watoto walishangilia kama wamefunga goli.

Bibi aliyekaa ukingoni mwa jamvi hakucheka. Alikuwa amefungua kifuko chake cha ugoro, akachukua kidogo kati ya vidole viwili, akavuta kulia, akavuta kushoto, akasubiri. Macho yalilengalenga. Kisha akashika pindo la kanga, akapenga tundu moja, akakunja pindo. Akapenga la pili, akakunja tena kwa upande mkavu, akalirudisha kiunoni. Hapakusikika sauti. Lilikuwa zoezi la miaka sitini, na lilimaliza suala la mfuko.

"Shikamoo bibi," alisema Mtaalamu. "Umejifunza darasa gani?"

"Marahaba. Endelea na kazi yako, mjukuu wangu."

Aliendelea na bhramari, pumzi ya nyuki, ambapo mtu hufumba mdomo na kuguna kwa puani. Weitzberg na Lundberg, watafiti wa Sweden, walipima mwaka 2002 na kukuta kuguna huko kunaongeza gesi ya naitriki oksaidi itokayo puani takriban mara kumi na tano kuliko pumzi tulivu, dalili kwamba hewa ya mapango imechangamka. Jamvi zima likaguna. Wawili walitazama juu, kwenye maua ya mkorosho.

Ukurasa wa thelathini na nane ulikuwa bado haujaguswa adhana ya alasiri ilipoita. Wanaume waliinuka na kwenda kwenye ndoo na kata. Mtaalamu aliwafuata, karatasi kwapani, akidhani ni mapumziko. Yule mzee wa kofia aliosha viganja, akasukutua, kisha akachota maji kwa mkono wa kulia, akayapandisha puani na kuyapenga kwa mkono wa kushoto. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Waliomfuata wakafanya vilevile.

Mtaalamu alisimama akiwahesabu. Akatoa kalamu, akajifuta pua kwa mkono wa shati, na pembeni ya ukurasa akaandika: "Neti. Wote wanaijua. Ulizia mwalimu wao ni nani, na kama maji yamechemshwa."