Hodi Isiyo na Mgeni

Mtoto wetu alizaliwa wakati wa masika huko Pangani, nyumbani kwa mama, akazoea kulala mvua ikipiga bati. Tulipohamia Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, juu yetu zege tupu, usingizi ukamruka. Mama akaja kusaidia kulea. Mdogo wangu, fundi wa kurekodi kaswida, akasema mvua ya Pangani anayo kwenye simu, sekunde 40. Akaifungua kwenye Audacity, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, akaiamuru irudie usiku kucha.

Kila mvua ilipoisha na kuanza upya, spika ililia: tk!

"Mwanangu, kuna mtu mlangoni," mama akasema. Akafungua. Hakuna mtu. Akajilaza. Tk! "Nani wewe usiyejibu?" Jirani akatoka na tochi, mlinzi akapanda ngazi na rungu lake, ukumbi ukajaa watu waliojifunga khanga na vikoi. Wakiwa bado wanakagua ngazi, ndipo mama alipomsikia jogoo akiwika chumbani kwa mtoto. Mama akaenda kutawadha. Saa saba ya usiku haijagonga! Jogoo yule alikuwa ndani ya rekodi, akawika tena na tena mpaka mume wangu alipochomoa waya.

Asubuhi mdogo wangu alituonyesha kiini cha ile hodi. Sauti ile kwenye kompyuta ni wimbi lililopimwa mara 44,100 kwa sekunde. Mwisho wa rekodi wimbi lilikuwa juu, mwanzo wake lilikuwa chini, na spika ikalazimika kuruka ghafla. Akachagua kipande, akabonyeza herufi Z, ncha zote mbili zikasogea hadi wimbi linapokata mstari wa sifuri. Hodi ikakoma.

Lakini mvua ilikuwa nzito mwishoni na nyepesi mwanzoni, kwa hiyo kiungo bado kilisikika. Akakata sekunde 5 za mwisho, akazilaza juu ya sekunde 5 za mwanzo: za mwisho zififie, za mwanzo zipande. Ni kama kuunga ukili, miyaa mipya huingizwa kabla ile ya zamani haijaisha. Hapo ndipo nilipoipenda kazi ile. Alipozipunguza kwa mstari ulionyooka, mvua ilipwaya katikati, kwa sababu mvua mbili zisizofanana, kila moja ikiwa asilimia 50, hazifikishi nguvu ya mvua moja kamili. Zikutane kwenye asilimia 71 hivi. Alipofanya hivyo, mama mwenyewe alishindwa kupaonyesha palipoungwa.

Kosa la mwisho lilikuwa kuihifadhi kwa MP3. Muundo huo hufunga sauti katika mafungu ya vipimo (sampuli) 1,152 na kuongeza ukimya kidogo kwenye ncha. Ukimya huo tu ulitosha kumwamsha mtoto.

Jogoo hakuwa na dawa ila kurekodi upya. Mvua za vuli zilipofika, mama alituma dakika 20 kutoka barazani kwake, kuku wakiwa wamefungiwa. Msomaji mwenye mtoto mchanga, rekodi mvua kwa muda mrefu namna hiyo, maana sikio hukariri upesi kinachorudiwa kila baada ya sekunde chache, na uihifadhi kwa WAV au OGG.