Utukufu wa Sauti Inayochelewa

Wengine wameusifu Mlima Kilimanjaro na uvumilivu wa punda. Mimi nasimama kuitukuza sauti ya video ya harusi, ile inayofika midomo ikiwa imekwisha fungwa.

Kwanza ina nasaba. Mwaka 1953, Wamarekani walipotia rangi kwenye televisheni, mawimbi ya rangi yalielekea kugombana na ya sauti, na wahandisi wakapunguza mwendo wa picha kutoka fremu 30 kwa sekunde hadi 29.97. Picha ndiyo iliyoinama kwa heshima ya sauti! Leo kamera ikirekodi kwa 29.97 na programu ya kuhariri ikaambiwa ni 30 kamili, picha hutimua mbio, na saa moja ikiisha sauti iko nyuma kwa sekunde 3.6.

Fadhila yake kuu ni adabu. Ibada ikianza, inatembea bega kwa bega na picha, haina makuu. Kwenye mahubiri imeanza kuipisha. Kwenye viapo, bwana harusi amefunga mdomo na "nakubali" lake bado halijatoka. Muda huo wa neema hakuna mchungaji anayeutoa. Tena inafuata maumbile, maana umeme humulika kabla ya radi kunguruma. Ndiyo maana viwango vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, vinasema mtazamaji hugutuka sauti ikitangulia kwa milisekunde 45, ila ikichelewa huweza kufika 125 kabla hajang'amua. Mgeni aliyepangiwa meza ya nyuma kabisa, mita 40 kutoka kwenye spika, anapata ucheleweshaji karibu na huo bure, hata kama kadi yake ni ya mchango mdogo.

Inafundisha hesabu. Inaondoa usingizi. Ukiitafutia dawa, inaumbua monita pia: fremu 25 kwenye skrini ya hezi 60, nyingine huonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu, picha inachechemea, nawe unatafuta kosa kwenye faili ilhali liko mezani. Weka hezi 50, imepona.

Lakini hizi klipu za simu! Simu kwenye ukumbi wenye taa hafifu hujipunguzia fremu yenyewe, inapanda na kushuka itakavyo, halafu binamu anaileta kwa WhatsApp, imeminywa, na kuagiza "uiweke palepale shangazi anapolia." Palepale wapi? Haina mwendo mmoja!

Binamu namsamehe. Kamati ya harusi siwezi. Vikao vyote vile, na fedha zikapatikana za droni, keki ya ghorofa na moshi wa dansi ya kwanza. Ilipofika zamu ya maiki na kinasa sauti, mweka hazina akasema: "Sauti tutachukua kwa dijei." Dijei alirekodi mpaka chakula kilipoletwa.

Sasa mwenyekiti ameshikilia salio langu la kuhariri video, eti sauti bado inachelewa. Nilikwenda kwake nikakuta anaitazama video sebuleni kwa spika ya Bluetooth, ambayo yenyewe huichelewesha sauti. Nikamshauri anunue waya. Akaniambia haiwezekani: kamati ilishavunjwa, na hela iliyobaki iliishia kwenye mbuzi wa kuivunjia.