Baiskeli ya Kustaafia

Ushauri kuhusu baiskeli ya mtu aliyestaafu hutolewa siku zote na watu wanaoishi mahali tambarare. Daktari aliyeniambia kwamba magoti yangu yamechoka, niache kushuka miteremko kwa miguu, badala yake niendeshe baiskeli taratibu kila jioni "mahali pasipo na kilima", aliyasema hayo akiwa Dar es Salaam, feni ikizunguka juu ya kichwa chake. Nikamjulisha kwamba mimi nakaa Suji. Akauliza kama ni ng'ambo ya Kigamboni.

Msomaji asiyeijua Suji naye asione haya. Iko juu, Upare Kusini, wilaya ya Same. Ukitoka Same mjini kuelekea Tanga kwa barabara kuu unafika Makanya, kwenye mkonge na jasi na joto lake. Hapo unaiacha lami, unageukia mlimani, na kuanzia hapo hakuna tena habari ya kwenda mbele, kuna kwenda juu. Wajerumani waliojenga reli ya kutoka Tanga walipita Makanya wakafika nayo Moshi mwaka 1911, na hawakuthubutu hata siku moja kuipandisha huku. Milima yetu inafika mita 2,462 pale Shengena. Kitu tambarare nyumbani kwangu ni meza.

Hata hivyo, daktari ni daktari. Miaka sitini ilikuwa imetimia, kiinua mgongo kilikuwa bado kina pumzi kidogo, nikatangaza nyumbani kwamba nataka baiskeli. Si ya mashindano, wala ya kubebea magunia. Ya kukaa tu, mgongo umenyooka, nikienda kanisani na dukani na kusalimia watu njiani.

Mpare akitangaza jambo mbele ya ukoo amefungua shauri. Watani wetu Wachagga husema tuko tayari kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Wana husuda, lakini nakiri kwamba kikao kilichokaa kwangu kwa ajili ya baiskeli kilikuwa na walalamikaji, mashahidi, na jirani mmoja aliyejipa uwakili kwa kuwa makande yalikuwa hayajaisha. Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, alitaka Phoenix nyeusi, ya kiume, yenye bomba la juu na breki za vyuma. Kwa rika lake hiyo ndiyo baiskeli. Kabla yake kulikuwa na Raleigh ya Mwingereza, baadaye ikaja Swala iliyotengenezwa hapa hapa Tanzania, na kijana aliyekwenda kuposa akiwa na mojawapo hakuulizwa maswali mengi. Sipingi, ni vyombo vilivyoibeba nchi hii. Lakini chombo hicho kinakaribia kilo 20 kabla hujakitundikia kitu, hakina gia, na kukipanda kunataka urushe mguu juu ya keria. Mguu wangu uliacha kurushwa zamani.

"Basi anunue ya kike," akasema shangazi kutoka jikoni.

Kikao kikanyamaza. Baba mdogo akaweka kijiko chini.

Nami nitasema hapa nilichokosa ujasiri wa kusema pale: fremu ya kike ndiyo fremu ya mzee. Bomba lile lilishushwa huko Ulaya katika karne ya 19 ili wanawake wapande na magauni yao marefu, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwanamume akishafika sitini, nyonga zake nazo huwa zimevaa gauni. Unaivuta baiskeli, unapitisha mguu katikati, umepanda. Likitokea la kutokea, unashuka kwa njia ile ile, bila mieleka.

Akapigiwa simu mpwa wangu anayekaa Tanga, spika ikafunguliwa wote wasikie. Tanga ni mji wa baiskeli. Huko mwalimu anaendesha, mvuvi anaendesha, shehe anaendesha na kanzu yake. Mpwa akasema bila kusita: "Mjomba, tafuta ya Kijapani, ya mtumba. Ina kikapu mbele, bomba la chini, usukani wa juu, gia tatu. Ukikaa pale utadhani uko sebuleni." Hakudanganya. Ila alikuwa Tanga.

Nilishuka Same siku ya Ijumaa. Muuzaji akanipeleka moja kwa moja kwenye siti pana iliyojaa sponji, akaibonyeza kwa kidole gumba, akanitazama. Fundi aliyekuwa chini ya mwarobaini na pancha zake akacheka. Alikuwa na elimu yule kijana, na hakuitoza. Siti ikiwa laini kupita kiasi, alisema, mifupa ya makalio inazama, nyama za katikati zinabeba mzigo usio wao, na ukishuka unatembea miguu imetanuka. Inayofaa ni yenye ugumu wa wastani, pana upande wa nyuma kwa sababu mzee hukaa wima na uzito wote uko hapo, na springi chini yake. Matairi yawe manene kidogo, wala usiyajaze upepo mpaka yawe mawe, maana upepo ndio mto wa kwanza na siti ni wa pili.

Kisha akanipandishia siti mpaka nikikanyaga pedeli ya chini kwa kisigino, mguu unanyooka. Hapo ndipo goti linapona, akasema. Wazee wengi huishusha siti, wakapiga pedeli magoti yamekunjwa, halafu wakailaumu baiskeli. Nilimwelewa kabisa. Tatizo ni kwamba kwa urefu ule nyayo zangu hazikuigusa ardhi, na mtu wa umri wangu hupenda kujua ardhi iko wapi. Tukapatana katikati. Goti lilipata hasara kidogo, moyo ukapata faida.

Baiskeli pekee yenye fremu ya chini iliyokuwa nzima ilikuwa ya pinki. Muuzaji aliapa kwamba ni nyekundu iliyopauka kwa safari ya baharini. Ilikuwa na stika ya maandishi ya Kijapani, na kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma, lile la kubonyeza tu likajifunga. Ufunguo ulibaki Japani. "Usilibonyeze tu, mzee," akaniambia, nasi tukaafikiana kwamba hilo si jambo gumu.

Gari la kupanda Suji nililikuta Makanya likiwa limejaa mabati juu na watu ndani. Konda akataka baiskeli ilipe nauli kamili. Hoja yake: ina kiti. Sasa, mimi ni mjukuu wa watu walioteremka milima hii kwa maelfu mwaka 1945, wakaenda kukaa Same kupinga kodi ya mbiru, na serikali ya Mwingereza ikataabika nao sana. Siwezi kulipia nauli ya chombo cha usafiri. Nikalikataa gari, nikawapata vijana wawili wa kunisukumia kwa bei iliyokuwa, nakumbuka vizuri, chini ya ile nauli kwa kiasi cha soda moja.

Walisukuma vizuri. Nilifuata nyuma na fimbo yangu, nikiwaeleza habari za springi na mifupa ya makalio. Kona baada ya kona, kivuli kikaanza kupanda mlima kwa kasi kuliko sisi, na kijana mmoja akasimama, akatazama magharibi.

"Mzee, jua."

Kwa asiyejua: Waadventista wa Sabato walifika Upare Kusini mwaka 1903, na Suji ni mahali ambapo Ijumaa jua likizama, hata jembe linapumzika. Kusukuma baiskeli mlimani kwa malipo ni kazi, hilo halina mjadala, na mimi mwenyewe nina kiti changu mbele kule kanisani. Kulikuwa na nyumba karibu. Tukabisha hodi, tukapokelewa kwa wema, baiskeli ikaegeshwa barazani, nikamaliza mlima kwa magoti yale yale yaliyokuwa yakitafutiwa nafuu.

Mwenye nyumba alikuwa mjane.

Hili halikunipitia akilini mpaka Sabato, baada ya ibada, mama watoto aliponiuliza kwa sauti ya upole iliyonitisha kwa nini baiskeli yangu mpya imelala kwa mama fulani. Watu wote waliopita njia ile kwenda kanisani walikuwa wameiona, na kwa rangi ile haikuwezekana kutoiona. Jumapili nilipokwenda kuichukua, nilimchukua na yeye. Tulikuta watoto wakiichunguza stika. Mmoja alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba imeandikwa "mali ya serikali", na maelezo hayo yanaendelea kuaminiwa na baadhi ya watu wazima hadi leo.

Sasa uendeshaji. Kati ya kwangu na kanisani kuna kipande cha barabara kinachoweza, kwa nia njema, kuitwa tambarare, na hapo mpwa wangu alikuwa sahihi. Mgongo wima, usukani unakuja mkononi bila kuinama, Biblia na nyimbo kwenye kikapu. Ni sebule kweli. Lakini kipande kile kinaisha mapema, halafu mlima unataka haki yake.

Kupanda: gia nyepesi kabisa ya Japani ni gia nzito ya Suji. Zile tatu, zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, zilitengenezewa mama wa mjini anayempeleka mtoto shule. Ukitaka kupanda kwetu umeketi, unataka gurudumu dogo la meno mbele na kubwa nyuma, miguu izunguke upesi na baiskeli iende polepole, na hata hapo mwenda kwa miguu atakupita huku akikupa pole. Mimi nashuka nasukuma. Bodaboda hupita wakipiga honi za heshima. Na wao walianza kwa baiskeli, mpakani Busia, miaka ya 1960, wakivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Busia siyo Upare.

Kushuka ndiko kulikonipa jina. Breki ya nyuma ya baiskeli hizi ni ukanda unaobana ngoma kwenye kitovu, na ukizeeka au ukiingia vumbi hulia. Yangu hulia sauti ya mbuzi anayeibwa. Siku ya kwanza niliteremka kuelekea bondeni, milango ikafunguka moja baada ya nyingine, mzee mmoja akatoka na panga, na mbuzi halisi wa jirani wakaitikia. Nilijifunza upesi kubana na kuachia, kubana na kuachia, breki zote mbili, nisije nikaichemsha ile moja ikakataa kazi katikati ya kona. Kwa hiyo sasa mbuzi analia kwa vituo.

Kufuli nalo lilingoja gulio. Nilikuwa nachagua maharage, mtoto wa mtu akaona kitu cha kubonyeza. Wanaume wanne waliibeba baiskeli mpaka kwa fundi mwenye msumeno, nami nikitembea mbele kuwafungulia njia, na kila tuliyempita aliuliza kwa huruma marehemu alikuwa nani.

Baba mdogo aliposikia aliomba kikao kifunguliwe upya. Nimewaambia nina ushahidi kutoka Kongo. Goma na vilima vyake wana chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, hakina pedeli, hakina mnyororo wala siti. Mtu anakisukuma mlimani, anapakia viazi na kabichi, anateremka nacho mjini amesimama. Wamekijengea sanamu katikati ya mzunguko wa barabara. Hao wamekubali kwamba mlimani nusu ya safari ni kusukuma, wakaacha kuubeba uzito wa vitu vya kupandia visivyopandisha.

Kwa hiyo, msomaji uliyestaafu, kama unakaa Tanga au Unguja nunua itakayokupendeza, hutakosea sana. Kama unarudi milimani, iache siti mpaka mwisho. Kwanza inyanyue baiskeli pale pale dukani, tembea nayo mpaka barabarani na kurudi. Ikikushinda mikononi, iache hata kama ni ya bure. Kisha bana breki usikie zinasemaje. Chukua bomba la chini, na anayesema ni ya kike mwambie arushe mguu wake kwanza. Dai ufunguo wa kila kufuli. Na uende siku ya Jumatatu.